Mkonge, Mbung'o na Baridi Yabisi

Mwezi Aprili 1929, mgonjwa mwenye umri wa miaka 65, naye mwenyewe daktari, alimsimulia Philip Hench kisa ambacho madaktari wengi wangekisikiliza kwa adabu na kukisahau kabla ya chakula cha mchana. Mzee huyo alikuwa ameteswa na baridi yabisi kwa miaka, viungo vimevimba na kukakamaa. Kisha ini lake likaugua, macho na ngozi vikageuka manjano, na katika siku chache maumivu ya viungo yakamwachia. Umanjano ukaisha baada ya wiki kadhaa, lakini nafuu ikadumu kwa miezi.

Hench aliongoza idara ya magonjwa ya viungo katika Mayo Clinic, mjini Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, hivyo maneno yake yalitoka kwa shida na kwa sauti kubwa, na alipenda kupita kiasi hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Pengine ndiyo maana kisa kile hakikumtoka. Madaktari wa zama zile waliamini kwamba baridi yabisi inayokunja vidole na kuharibu maungio huletwa na vijidudu vilivyojificha mwilini, kwa hiyo wagonjwa waling'olewa meno na kukatwa mafindofindo kwa matumaini ya kukomesha chanzo. Tena iliaminika kuwa ugonjwa huo ukishashika haurudi nyuma. Sasa huyu hapa mtu ambaye ugonjwa wake ulirudi nyuma, tena kwa sababu ya kuugua zaidi.

Akaanza kuwatafuta wengine. Aliwapata wagonjwa ambao umanjano uliwapa likizo ya maumivu, kisha akawapata wanawake waliopona kabisa wakiwa wajawazito na kurudiwa na mateso baada ya kujifungua. Hili la ujauzito linawatokea wanawake hata leo, na mkunga yeyote mwenye umri wa kutosha hatalishangaa. Hench aliona kwamba lazima mwili wenyewe una kitu unachokitoa nyakati hizo. Hakukijua, akakiita kitu X. Aliwapa wagonjwa chumvi za nyongo, akawapa damu ya watu wenye umanjano na damu ya wajawazito. Hakuna kilichosaidia kwa namna ya kutegemewa. Miaka ikapita.

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwapo mkemia aitwaye Edward Kendall, ambaye mwaka 1914 alifanikiwa kuitenga homoni ya tezi ya shingo. Katika miaka ya 1930 Kendall alishughulika na tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Zilimjia kwa mapipa kutoka machinjioni, naye alichuja humo kemikali moja baada ya nyingine na kuzipa herufi tu: A, B, E, F. Huko Uswisi Tadeus Reichstein alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Januari 1941, Hench na Kendall walikubaliana kwamba siku moja kemikali E ijaribiwe kwa mgonjwa wa baridi yabisi, na Hench akaiandika katika daftari lake. Lakini ijaribiwe kwa kipi? Tezi za maelfu ya ng'ombe zilitoa kiasi kidogo mno.

Vita vikaja na uvumi wake. Ilisemekana kwamba Wajerumani wananunua tezi za ng'ombe Argentina ili kuwapa marubani wao dawa ya kuruka juu sana bila kuchoka. Haikuwa kweli, ila serikali ya Marekani iliingiwa na hofu ya kutosha kutoa fedha. Kutokana na fedha hizo Lewis Sarett, mkemia kijana wa kampuni ya Merck, alifanikiwa mwishoni mwa 1944 kuitengeneza kemikali E akianzia na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, kila hatua ikipoteza sehemu ya mali. Vita vilipokwisha Merck ilibaki na gramu chache na haikujua wa kumpa.

Julai 1948 mwanamke wa miaka 29 alilazwa Rochester akiwa na baridi yabisi iliyomshika kwa zaidi ya miaka minne. Kugeuka tu kitandani ilikuwa kazi. Hench alijaribu kwanza kumletea umanjano kwa makusudi, kwa dawa, haukuja. Mwanamke yule akakataa kurudi nyumbani bila nafuu. Hench na Kendall wakawaandikia Merck wakaomba kemikali E, wakapewa. Tarehe 21 Septemba akachomwa sindano ya kwanza. Waliomwangalia kila siku walikuwa wasaidizi wa Hench, Charles Slocumb na Howard Polley. Siku ya kwanza hapakuwa na mabadiliko makubwa. Siku ya tatu aliamka akageuka kitandani bila kuhangaika na akatembea akichechemea kidogo tu. Siku chache baadaye akaenda madukani mjini na kuzunguka kwa saa tatu.

Kuna bahati katika kisa hiki ambayo wanaokisimulia mara nyingi huiruka. Walichagua miligramu 100 kwa siku, kipimo kikubwa mno kwa mtu asiyejua anachoshika, na punje za dawa yenyewe zilikuwa ndogo kiasi cha kuyeyuka vizuri mwilini. Wangejaribu robo ya hapo, kwa tahadhari ya kawaida ya daktari mzuri, huenda wasingeona kitu na daftari la 1941 lingefungwa. Tena hoja iliyowafikisha pale ilikuwa na kasoro. Hench alikuwa akitafuta kitu cha pekee kinachozaliwa na umanjano na ujauzito, kumbe homoni aliyoipata kila mtu anayo, mzima na mgonjwa. Alifika nyumba sahihi kwa njia ambayo haikuwa yake.

Walikaa kimya kwa miezi, wakawatibu wagonjwa wengine hadi 14, wakawapiga picha za sinema wakiwa hoi na kisha wakiwa wanapanda ngazi. Aprili 1949 walipozionyesha kwa madaktari wenzao, ukumbi ulipiga makofi kabla taa hazijawashwa. Magazeti yakafanya yaliyobaki. Kemikali E ikapewa jina la kotisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba, mwaka mmoja na nusu tu baada ya ulimwengu kusikia habari, na haraka hiyo ilikuja kuwatia baadhi ya watu aibu.

Kila mwenye viungo vilivyovimba alitaka kotisoni, na kotisoni haikuwapo. Mwanzoni gramu moja iliuzwa dola 200. Kilichoifanya iwe ghali ni chembe moja ya oksijeni: kotisoni huibeba mahali ambapo wakemia huhesabu kuwa kaboni ya 11, na mimea mingi yenye kemikali za jamii hiyo haina kitu hapo. Wamarekani waligeukia viazi vikuu vya mwituni vya Mexico, na mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Upjohn wakagundua ukungu unaoweza kuipachika oksijeni ile mahali pake. Waingereza hawakuwa na Mexico. Walikuwa na Afrika Mashariki.

Mkonge uliingia pwani ya Tanga mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipopanda miche 62 iliyonusurika safari kutoka Florida. Kufikia miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani. Anayeujua mkonge anajua pia harufu yake: jani likipita kwenye korona, mashine ya kulikwangua, nyuzi zinazopatikana ni kama sehemu nne katika mia, na zilizobaki, maji ya kijani na makapi, humwagwa na kuoza kando ya kiwanda. Mwaka 1951 wakemia watatu wa London, Callow, Cornforth na Spensley, waliandika taarifa fupi kwamba katika takataka hizo mna hekojenini. Nayo hekojenini ina oksijeni kwenye kaboni ya 12, jirani kabisa na mahali inapotakiwa, na kuihamisha nyumba moja ni kazi inayowezekana. Kampuni ya Glaxo ikaichukua habari hiyo ikaifanya biashara. Maji ya mkonge yakachachushwa, tope lake likapikwa kwa asidi, na dawa za jamii ya kotisoni zikatengenezwa Uingereza kutokana na kile kilichokuwa kikimwagwa mashambani. Sidhani kama kuna aliyemweleza manamba, kibarua wa shamba la mkonge mwenye kipande chake cha siku 30 za kazi mfukoni na miiba ya mkonge mikononi, kwamba makapi anayoyaruka yanaelekea hospitali za London.

Wakati huohuo furaha ya 1949 ilikuwa ikipoa. Wagonjwa waliopewa kotisoni kwa miezi walinenepa uso ukawa wa duara, mifupa ikawa laini ikavunjika, presha na sukari zikapanda, vidonda vya tumbo vikatoboka, wengine wakachanganyikiwa akili. Wakijaribu kuiacha ghafla, ugonjwa ulirudi kwa hasira na tezi zao zilizolala zilishindwa kuamka. Hench mwenyewe aliyasema madhara haya mapema na alichukia neno tiba kutumiwa kwa dawa yake. Ni haki kumkumbuka kwa hilo pia.

Kazi ya kuipima kotisoni bila ushabiki ilifanywa Uingereza. Baraza la Utafiti wa Tiba, likishirikiana na mfuko wa Nuffield, liliwachukua wagonjwa wapatao 60 ambao baridi yabisi yao ilikuwa bado changa, likawagawa kwa bahati nasibu: nusu kotisoni, nusu aspirini. Aspirini! Dawa ya shilingi mbili ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalichapishwa mwaka 1954, na hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mtu akizisoma karatasi zile leo anaona jinsi filamu ya mgonjwa anayepanda ngazi ilivyo ushahidi mdogo. Mgonjwa huyo alipanda ngazi kweli. Swali lilikuwa atakuwa wapi baada ya mwaka, na filamu haikuwa na jibu. Baadaye Waingereza hao hao walipima prednisoloni, mtoto wa kotisoni, wakaikuta na faida zaidi, nayo ndiyo iliyobaki kwenye makabati ya hospitali zetu za wilaya.

Wote hawa walikuwa wakituliza moto wasioujua umewashwa na nini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich alikuwa amesema mwili hauwezi kuruhusu kinga yake ijigeukie, na uzito wa jina lake uliwafunga watu macho kwa nusu karne. Dalili hazikukosekana. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Oslo aliona katika damu ya wagonjwa wa baridi yabisi kitu kinachogandisha chembe za damu ya kondoo. Baadaye ikajulikana kuwa ni kingamwili inayoshambulia kingamwili nyingine. Mwaka 1948, na ni katika Mayo Clinic ile ile, Malcolm Hargraves alieleza chembe za ajabu kwa wagonjwa wa lupasi, ugonjwa mwingine ambamo kinga humgeukia mwenyewe. Mwaka 1956 watafiti wa London na wa Buffalo, kila kundi kivyake, walionyesha kwamba tezi ya shingo inaweza kushambuliwa na kinga ya mwenye tezi. Baada ya hapo swali likawa jingine: katika kelele zote ambazo chembe za kinga hupigiana, ni mjumbe yupi akinyamazishwa vita vitapungua?

Jibu lilianza kupatikana kwa njia ya mbali sana na viungo. Mfugaji wa maeneo yenye mbung'o anajua ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na mdudu huyo, anavyokonda hadi mbavu zihesabike ilhali malisho yapo. Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alisumbuliwa na jambo hilo hilo: vimelea vyenyewe huwa vichache mno kuweza kumla mnyama kiasi hicho. Mwaka 1980 yeye na Carol Rouzer walionyesha kwamba sungura walioambukizwa vimelea hivyo hujaa mafuta kwenye damu kwa sababu mwili wao umeshindwa kuyatumia. Kulikuwa na kitu ambacho mwili wenyewe unakitoa, kikiuamuru ujikondeshe. Mwaka 1985 Bruce Beutler na Cerami walikitenga, na walipolinganisha na kazi za wengine wakakuta ni kitu kimoja na kile ambacho kundi la Lloyd Old lilikuwa limekieleza tangu 1975 kwa sababu kiliua uvimbe wa saratani katika panya. Jina lake la kitaalamu hufupishwa TNF.

Daktari aliyekuja kuihusisha TNF na viungo, Ravinder Maini, alizaliwa Punjab, India, akakulia Uganda. Baba yake, Sir Amar Maini, wakili, alikuwa meya wa kwanza wa Kampala. Kijana alikwenda Uingereza, akasoma Cambridge na hospitali ya Guy's, akaishia kuwa daktari wa viungo katika Kennedy Institute, magharibi mwa London, taasisi iliyoanzishwa mahsusi kwa magonjwa haya. Katikati ya miaka ya 1980 alianza kushirikiana na Marc Feldmann, mtoto wa wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland waliohamia Australia. Feldmann hakuwa mtu wa wodini bali wa maabara, na alikuwa na nadharia juu ya jinsi chembe za mwili zinavyojichochea kwa wajumbe hao wa kemikali. Maini alikuwa na wagonjwa, na wagonjwa walikuwa tayari kutoa ute na utando wa magoti yao baada ya upasuaji.

Katika utando huo waliwakuta wajumbe wote, kundi zima. Hiyo ilikuwa habari mbaya. Kama wako wengi, kumzuia mmoja kutasaidia nini? Wengi walisema hakutasaidia, na kampuni za dawa zilisikiliza wengi. Aliyeligeuza jambo ni Fionula Brennan, mtafiti wa maabara ya Feldmann. Mwaka 1989 alichapisha jaribio rahisi kulieleza: alichukua chembe za utando wa wagonjwa zikiwa hai kwenye kioo, akazitia kingamwili inayoziba TNF peke yake, na mjumbe mwingine mkali, interleukini-1, naye akanyamaza. Kumbe walipangana kwa safu, na TNF alikuwa mbele. Miaka miwili baadaye, George Kollias wa Ugiriki alizalisha panya wanaotoa TNF ya binadamu kupita kiasi, na panya hao wakapata yabisi ya viungo. Katika historia hii jina la Brennan hutajwa kwa haraka kuliko inavyostahili.

Kingamwili ya kutumia kwa binadamu ilikuwapo tayari, imetengenezwa New York na Jan Vilček na Junming Le, ikiwa mikononi mwa kampuni ya Centocor ambayo iliitaka kwa kazi nyingine kabisa: kuokoa wagonjwa ambao vijidudu vimeenea katika damu. Kwa hao haikufaa. Ndani ya kampuni alikuwamo Jim Woody, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Feldmann, naye akakubali kuwapa London dawa ya kutosha wagonjwa wachache. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, dripu za kwanza zikatundikwa. Wagonjwa 20, wote walioshindwa na dawa za kawaida. Wengine walisema uchovu uliwatoka kabla dripu haijamalizika vizuri. Viungo vikafuata katika siku zilizofuata.

Hapo ndipo somo la jaribio la 1954 lilipowafaa. Maini na Feldmann walijua kwamba furaha ya wagonjwa 20 wanaojua wamepewa nini inafanana mno na ile ya Rochester. Wakapanga jaribio la wagonjwa 73 katika vituo vinne vya Ulaya: wengine dawa kwa kipimo kikubwa, wengine kidogo, wengine dripu isiyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Baada ya wiki nne waliopata nafuu ya kiwango kilichowekwa walikuwa asilimia 79 kwa kipimo kikubwa, asilimia 44 kwa kidogo, na asilimia 8 kwa wasiopewa kitu. Katika magonjwa ya viungo tofauti kama hiyo ilikuwa haijaonekana.

Nafuu ilidumu kwa wiki kadhaa na kuisha, kwa hiyo dripu ilibidi irudiwe, na sehemu ya kingamwili hiyo, iliyotokana na panya, iliwafanya baadhi ya wagonjwa waikatae. Dawa iliyokuja kuokoa ni methotreksati, ya zamani, ya saratani, ambayo ikitumiwa kidogo mara moja kwa wiki hutuliza baridi yabisi. Pamoja zilifanya kazi kuliko kila moja peke yake. Mwaka 1999 dawa ya London, infliximabu, iliruhusiwa Marekani kwa baridi yabisi. Mwenzake wa kuziba TNF, etanasepti, alikuwa ametangulia mwaka mmoja.

Kisha kifua kikuu kikajitokeza. Mwaka 2001 kulichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya infliximabu, wengi katika miezi michache ya mwanzo na wengi nje ya mapafu. Sababu ni kwamba TNF ndiye anayeshikilia ukuta ambao mwili huwajengea vijidudu vya TB vilivyolala, na ukuta ukivunjwa huamka. Tangu hapo hakuna anayepaswa kuanzishwa dawa hizi bila kupimwa TB kwanza. Kwetu, ambako watu wengi hubeba vijidudu hivyo bila kuumwa, onyo hilo lina uzito mwingine.

Na kuna bei. Ndugu mmojawapo wa dawa hizi, Humira, aliingiza zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka mmoja, 2022. Dawa hizo hutengenezwa na chembe hai katika matangi makubwa, si kwa kuchanganya kemikali, na hata nakala zake, zilizoanza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2013, bado ziko mbali na mfuko wa mgonjwa wa Muheza au Soroti. Mkonge umetoka Tanga, swali la mbung'o limetoka kwenye malisho ya Afrika, mmoja wa wagunduzi amekulia Kampala, na dawa haijapata njia ya kurudi. Ningeiita dhuluma moja kwa moja, kama si jaribio moja la mwaka 2013 ambalo kampuni za dawa hazikulishangilia.

James O'Dell wa Nebraska na wenzake waliwachukua wagonjwa 353 ambao methotreksati peke yake ilikuwa imeshindwa kuwatuliza. Nusu yao waliongezewa sindano za etanasepti. Nusu nyingine waliongezewa vidonge viwili vya zamani: salfasalazini, na haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoinywa kwa malaria na kuwashwa ngozi usiku kucha. Wagonjwa wala madaktari hawakujua nani yuko wapi. Asiyepata nafuu katika wiki 24 alihamishiwa upande wa pili kimyakimya, na waliohama walikuwa zaidi ya robo kila upande. Wiki ya 48 walipohesabu, vidonge vitatu havikuwa nyuma ya sindano.